Nchi Nilizozipaka Rangi

Miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ramani, Tbilisi,
nilipaka rangi nchi za watu.
Peru: chungwa. Korea: kijani kilichofifia.
Uhindi ilipewa waridi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.
Mpaka wetu wenyewe ulikuwa kufuli;
safari yangu ndefu kuliko zote
ilikuwa kwenda Batumi, kwa treni, mvua tupu,
nawe Lamara ukaumwa na tumbo njia nzima.

Sasa nimestaafu, wewe hupo,
na kila Jumamosi naingia nchi moja kupitia jikoni.

Peru ilidai ndimu kumi na mbili na samaki
ambaye, kwa haki, alipaswa kuwa hai jana.
Samaki wa sokoni kwetu hana habari za jana.
Nilimla. Nikakaa chooni na Peru mpaka Jumatatu.

Korea niliizika ndani ya mtungi wa kabichi, barazani.
Siku ya nne jirani Tsiala akawapigia simu watu wa gesi.
Wakaja wawili na kifaa chao, wakanusa,
wakaondoka na bakuli.

Norwe ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe. Niliisamehe.

Uhindi ndiyo iliyonitoa jasho.
Karatasi ilisema: mafuta yapate moto, mbegu za haradali zirukeruke.
Haikusema zitaruka hadi wapi.
Pa! kwenye miwani. Pa! pa! shingoni.
Moshi ukatafuta mlango,
ukashuka bila kulipia lifti
(lifti yetu bado inakula sarafu, Lamara, na imezidi ulafi)

na mlango ukagongwa.

Msichana wa ghorofa ya tatu, mwanafunzi wa udaktari,
koti jeupe, soksi za rangi mbili.
"Unaziunguza," alisema, kwa Kijojia cha darasani,
kila neno limepigwa pasi.
Anjitha, wa Thrissur. Hakungoja karibu.
Akamwaga mafuta yangu yote, akaanza upya.
Aliweka kiganja juu ya sufuria, hakuigusa,
kama anayepima homa.
"Sasa."
Na mbegu zikanong'ona, zilizonifokea mimi.
Dengu, ukwaju, chumvi. Majani ya mchuzi hatukuwa nayo;
akatia kotimiri yetu, akakunja uso, akaonja,
akanyamaza kimya ambacho hakikunihusu.

Kisha: "Na wewe? Kwenu mnapika nini?"

Nikatunisha kifua. Nikasema hinkali,
nyama na mchuzi wake ndani ya unga,
marinda kumi na tisa, unaishika kitovu,
unaigeuza, unanyonya kwanza...
"Nifundishe," akasema.

Hapo nilibaki nimesimama na mikono yangu miwili.
Miaka arobaini na mitatu nilikula.
Niliyahesabu marinda yako kwa sauti,
kumi na sita leo! umezeeka!
na sikuwahi kukunja hata moja.
Ofisini, nchi yetu ilipakwa na mkuu mwenyewe.
Sisi wengine hatukuruhusiwa kuigusa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mpini wake wa kusukumia.
Duara lake lilikuwa duara.
Langu lilitoka kama Chile.
Nilifumba macho nikatafuta vidole vyako;
nilichokiona ni mgongo wako tu,
mafundo ya aproni, redio juu ya friji.
Za kwanza nane zilipasuka majini,
tukazinywa kama supu, kimyakimya, kwa vijiko.

Ya tisa ilishika.
Marinda kumi na moja, kitovu kimepinda.
Nilimwambia anyonye kwanza. Akauma.
Mchuzi ukateremka hadi kwenye koti la udaktari,
akaapa kwa Kimalayalam, neno refu lenye magurudumu,
akanyoosha mkono kuchukua nyingine.

Alipoondoka, vitovu vinne vilibaki sahanini,
vigumu, vimekauka unga, kama unavyoviacha wewe.
Sikuviondoa mpaka asubuhi.